Ukungu Juu ya Vioo vya Taraivini

4 Novemba

Daftari hili tumepewa na umoja wa wanawake wa kanisa tuandike sala zetu za msimu wa mvua. Sala zangu Mungu anazijua tangu zamani na hazijabadilika. Kwa hiyo nitaandika habari za binti yangu, ambazo zinabadilika kila siku, na kila siku zinazidi kuwa nzuri.

Mimi ni Ulamila. Nilisoma mpaka darasa la sita, nikaacha kwa sababu ya homa wala si kwa sababu ya akili. Binti yangu Taraivini ana miaka ishirini na minne na ni fundi vioo. Si msaidizi wa fundi. Fundi. Cheti chake kiko ukutani sebuleni karibu na picha ya harusi yangu. Nilitaka nitoe picha ya harusi ili cheti kikae katikati, mume wangu Savenaca akakataa, na yeye hakatai mambo mengi.

Leo Tara amemaliza vioo kumi na vinane vya mbele vya shule mpya ya kanisa letu. Ghorofa ya juu bado inamwagwa zege. Bosi wake, Mzee Ganpat, alinung'unika kwamba kioo huja mwisho, si katikati ya zege. Lakini mkuu wa kanisa anakuja kubariki jengo tarehe ishirini na nane, na kamati ya ujenzi haikutaka asimame mbele ya matundu. Hapa kwetu Suva mgeni akija hata mkeka unaooza unageuzwa upande mzuri.

5 Novemba

Mvua.

7 Novemba

Apenisa, msimamizi wa ujenzi, ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, na kwa desturi yetu mimi na yeye ni watani. Namtukana hata mbele ya mchungaji na hakuna wa kunikemea. Leo nilipeleka magimbi na samaki wa kopo kwa mafundi, akaniita kutoka juu ya jukwaa la ujenzi.

"Binamu, hayo magimbi yamepikwa au yameokotwa?"

"Yamepikwa. Kilichookotwa ni wewe, mjomba alikukuta sokoni."

"Mwambie binti yako apunguze kusugua vioo. Vinang'aa mpaka naona sura yangu, nashindwa kufanya kazi."

"Pole. Sisi tunaiona bure kila siku."

Nilicheka mpaka nyumbani. Mtu mwema yule, kichwa tu ndicho kidogo.

9 Novemba, Jumapili

Siku nzuri kuliko zote. Baada ya ibada niliwapeleka wanawake wa umoja kuona vioo vya Tara. Kumbe alikuwa amevifunika vyote nailoni na kuibandika kwa utepe pande zote nne, vinaonekana kama wagonjwa. Wanawake kumi na mmoja wamevaa nguo za kanisa, wamekanyaga tope kunifuata, nao waone nailoni? Nikaibandua. Yote, ya chini na ya juu. Nilipanda jukwaa na gauni langu jeupe.

Jua lilikuwa limetoka dakika ile. Mke wa mchungaji alisema anaona mawingu ndani ya vioo. Nikawaambia Tara anavisugua kila jioni kwa dawa yake ya siri ambayo hakuna fundi mwanamume anayeijua. Dawa yenyewe ni maji, sabuni kidogo na siki, lakini nani hutangaza vitu vya bure?

Nailoni nimezikunja vizuri nikaziweka chini ya ngazi. Tara atabandika tena akitaka.

10 Novemba

Tara ameondoka kabla ya alfajiri na mashua ya Levuka. Zahanati ya kule inataka madirisha, kazi ya wiki nne. Walimtaka yeye kwa jina. Nimemfungia muhogo na nikasahau kumwambia mambo ya jana.

11 Novemba hadi 15 Novemba

Mvua. Mvua. Nguo hazikauki. Mvua.

28 Novemba

Mkuu wa kanisa amekuja, amebariki, amekula sana. Alisimama mbele ya vioo vya binti yangu dakika nzima. Nilihesabu. Zege la kingo zinazotokeza juu ya madirisha ya mbele limemwagwa wiki hii, bado lina rangi ya majivu mabichi na maji yanatiririka juu yake. Nimeona michirizi michache kwenye vioo, nikadhani ni vumbi la wageni.

6 Desemba

Tara amerudi. Alipita kwenye jengo kabla ya kufika nyumbani. Hakula.

8 Desemba

Leo nilipeleka chakula kwa mafundi. Nilimwita Apenisa mtoto wa sokoni. Alisema, "Asante, Mama Taraivini," akaangalia pembeni.

Katika miaka arobaini na tisa ya maisha yangu Apenisa hajawahi kuniita jina lolote la heshima. Ndipo nilipoogopa.

10 Desemba

Sasa najua, na nitaandika yote.

Vioo vyote kumi na vinane vya mbele vimeliwa. Vina ukungu mweupe ulioshuka kama machozi, na ukipitisha ukucha unasikia mkwaruzo. Tara alijaribu sabuni, akajaribu siki, akajaribu kisu cha kukwangulia. Hautoki, kwa sababu hauko juu ya kioo. Umeingia ndani yake.

Kamati iliketi jana. Apenisa aliwaambia vioo vimeunguzwa na tindikali ya kusafishia vigae. Walipomuuliza tindikali imefikaje kwenye vioo, mtu mmoja akasema jamani, yule msichana si ana dawa ya siri? Anaipaka kila jioni. Mama yake mwenyewe alisema.

Mama yake mwenyewe alisema.

Tara alinieleza haya akiwa amesimama jikoni, hakutaka kukaa.

"Mama, ulisema nina dawa ya siri?"

"Nilisema kwa kukusifu."

"Ni siki, Mama. Ni siki ya achari."

"Basi tuwaambie ni siki."

"Niliwaambia. Mzee mmoja akaniuliza, kama ni siki kwa nini iwe siri? Ningejibu nini?"

Akaendelea kwa sauti ya chini, ile inayoniumiza kuliko kelele. Mwezi wa kwanza wanachagua mafundi vioo wa hospitali mpya. Jina lake lilikuwa kwenye orodha. Aliyeharibu vioo kumi na vinane vya kanisa hawezi kuwa kwenye orodha, na Mzee Ganpat hawezi kuendelea kumwajiri, wateja watamkimbia.

Halafu akasema, "Na kuna jambo silielewi. Nilivifunika, Mama. Vyote. Mtu alitoa nailoni zangu."

Nilifungua bomba nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Sikumwambia. Naandika hapa kwa kuwa daftari hili lilikuwa la sala.

13 Desemba

Shemeji yangu Taniela, kaka mkubwa wa Savenaca na msemaji wa ukoo wetu, alikuja asubuhi amevaa shati la kanisa na ilikuwa Jumamosi. Nikajua amekuja kwa jambo.

Akaketi mkekani, akakohoa. Alisema ukoo umekubaliana kupeleka jino la nyangumi kwa mchungaji na kamati, tuombe radhi kwa niaba ya msichana. Wakilipokea limekwisha, hakuna tena wa kulitaja, watu wanakunywa kava, maji ya mizizi yetu, na kurudi nyumbani. Ndivyo wazee wetu walivyomaliza hata mambo ya damu.

"Shemeji," nikasema, "anaombewa radhi aliyekosa. Tara amekosa nini?"

"Hilo si swali la leo. Radhi haiulizi nani. Radhi inaponya."

"Itamponya nani? Likipokewa, hakuna tena wa kuuliza ni nini kilichokula vile vioo. Atabaki msichana aliyeunguza vioo na akasamehewa. Mtu aliyesamehewa haajiriwi hospitali."

"Mnamlea kwa kiburi, Ulamila."

"Tunamlea kwa cheti. Kile pale."

Hakugeuka kukiangalia. Akamwambia Savenaca alete jino. Jino la ukoo liko ndani ya sanduku la mbao chumbani kwetu, limefungwa kwa kitambaa. Nilitangulia mimi. Nikakaa juu ya sanduku.

Taniela alisimama mlangoni. Kwa desturi hawezi kunigusa, hawezi hata kuingia chumba nilichomo peke yangu, na nilikuwa nimelijua hilo wakati nakaa.

"Mwambie mkeo ainuke," akamwambia Savenaca.

Savenaca alinitazama. Huyu mwanamume nimekaa naye miaka ishirini na saba na bado sijui huwa anawaza nini. Akasema, "Kaka, mimi naenda kulisha nguruwe." Akaenda.

Nilikaa juu ya sanduku mpaka saa tisa alasiri. Nilisuka nusu ya mkeka. Taniela aliondoka akisema ataazima jino kwa binamu zetu wa Rewa, na kwamba kamati itakutana Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili.

Nina siku tisa.

15 Desemba

Nilikwenda dukani kwa Mzee Ganpat. Ana miaka sabini na moja, amekata vioo tangu utoto, vidole vyake havina alama tena. Alinipa chai yenye maziwa mengi na hakutaka kuzungumza.

"Mama Taraivini, mimi ni mtu wa dukani. Kanisa ni kubwa."

"Babu yako aliletwa hapa na Wahindi wenzake kukata miwa ya watu wakubwa. Je, alinyamaza?"

"Alinyamaza sana," akasema. "Ndiyo maana aliishi." Lakini alicheka, na mtu akicheka mlango umefunguka kidogo.

Akanieleza. Kwa macho yake hii si tindikali. Zege bichi hutoa maji makali yenye chokaa. Mvua ikipita juu ya zege jipya ikashukia kioo, ikakauka hapo, ikaja nyingine, ikakauka, baada ya siku chache kioo kinaanza kuliwa. Kwa hiyo chini ya kila ukingo wa zege huchongwa mfereji mwembamba, upana wa kidole. Maji yakifika kwenye mfereji yanashindwa kuvuka, yanadondoka chini mbali na ukuta. Usipokuwepo, yanatambaa kwa tumbo la ukingo mpaka kwenye kioo.

"Na kingo za Apenisa zina mfereji?"

"Nenda ukapitishe kidole. Usiseme mimi nimekutuma." Halafu, akichovya biskuti: "Hata hivyo nailoni zingevilinda. Nilimwona Taraivini kwa macho yangu akivifunika. Nani mpumbavu alizitoa?"

Chai ilikuwa moto, nikaungua ulimi, nikafurahi kuwa na sababu ya kutojibu.

Nilimwomba vipande viwili vya kioo vya kutupa. Akanipa vitatu.

16 Desemba

Nilipeleka chakula mapema nikapanda ngazi wakati mafundi wanakula. Chini ya kingo za mbele nilipitisha kidole, ukingo baada ya ukingo, zote kumi na nane. Laini kama tumbo la samaki. Hakuna mfereji hata mmoja. Kwenye kila ukingo kulikuwa na matone yanayoning'inia na ncha nyeupe ndogo, kama meno ya mtoto.

Halafu nilikwenda upande wa nyuma. Kule kuna baraza pana na paa, mvua haifiki. Vioo vya nyuma navyo ni kumi na vinane, aliviweka Tara yuleyule, akavisugua kila jioni kwa siki ileile, navyo havikuwa na nailoni kwa kuwa havikuihitaji. Niliviangalia kimoja kimoja, nikapitisha ukucha. Safi.

Kama dawa ya binti yangu inaunguza, mbona imechagua upande?

Nimeweka kipande kimoja cha kioo chini ya tone la ukingo wa tano, nyuma ya mbao ambako mtu akipita hakioni. Cha pili niko nacho nyumbani, nakisugua kwa dawa ya Tara asubuhi na jioni. Cha tatu kiko chini ya kitanda, hakifanyiwi chochote.

17 Desemba

Mvua. Nimesugua.

18 Desemba

Nimesugua. Tara aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia nasugua kioo. Akasema anaona. Tangu arudi hajashika kisu cha kukatia. Anakaa barazani na kuangalia barabara, binti aliyekuwa akiimba hata akiwa na misumari mdomoni.

19 Desemba

Leo nilikuwa nafua kitambaa nilichochujia mchuzi wa manjano. Kila mwanamke anajua, kitambaa chenye manjano ukikigusisha sabuni ya kipande kinageuka chekundu kama damu, na ukikiweka siki kinarudi njano. Mama yangu alisema ni ukali wa sabuni. Wanawake wa Kihindi mtaani kwetu wanachanganya manjano na chokaa kupata ile rangi nyekundu ya paji la uso.

Chokaa.

Nilikaa na kitambaa mkononi, sabuni inadondoka miguuni. Miaka yote hii nimekuwa na maabara kwenye beseni.

21 Desemba

Kesho ni kamati. Mahubiri ya leo yalikuwa marefu na sikusikia hata neno.

Nimewaza hivi. Kesho naweza kuonyesha kingo, kuonyesha manjano, na kunyamaza kuhusu nailoni. Hakuna atakayeuliza. Wanawake kumi na mmoja waliniona, lakini wote wamekula kwangu. Apenisa atabeba lote, naye amestahili, alimtupia mtoto wangu kosa lake.

Lakini nimemlaumu Apenisa wiki nzima kwamba alijua na akanyamaza. Nami je? Nimeandika hilo swali na sasa limekaa hapo linanitazama.

22 Desemba, imeandikwa 23

Ukumbi ulijaa. Wanaume mbele kuzunguka bakuli la kava, mchungaji kwenye mkeka mzuri, Apenisa kulia kwake ameinamisha kichwa. Sisi wanawake nyuma karibu na mlango. Tara aliketi kando yangu, magoti yamefungwa vizuri, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mzee Ganpat alisimama nje dirishani na mwavuli.

Taniela alitoka mbele kwa magoti akishika jino la kuazima kwa mikono miwili. Msemaji mzuri yule, nampa haki yake. Alianza kusema jinsi ukoo wetu ulivyo mdogo, jinsi mtoto wetu alivyo mchanga. Mchungaji alikuwa ameanza kunyoosha mikono. Akiligusa tu, limekwisha.

Nikasema kutoka nyuma, "Mchungaji, usiliguse."

Mwanamke hakatizi jino. Sijawahi kusikia aliyefanya, na mama yangu hajawahi, na mama yake.

"Ulamila," Taniela akasema bila kugeuka, "keti."

"Nimeketi, shemeji. Nasema nikiwa nimeketi. Mchungaji, ninyi mnataka kupokea radhi ya kosa ambalo hamjaliangalia. Nipeni muda wa kunywa kikombe kimoja, halafu fanyeni mtakavyo."

Mchungaji alirudisha mikono mapajani. Akasema, "Kikombe kimoja kidogo."

Nilitoa vipande vya kioo. Nikaeleza kila kimoja kimetoka wapi. Nilichokisugua siku saba kwa dawa ya Tara, mara mbili kila siku, kilikuwa safi sawasawa na kile cha chini ya kitanda. Watu wakavipitisha mkono kwa mkono wakashindwa kusema kipi ni kipi. Kipande kilichokaa chini ya ukingo wa tano kilikuwa na ukungu. Nilikimwagia siki mbele yao, ukoko ukatoka, ukungu ukabaki.

"Labda ulipaka kitu," mzee mmoja akasema.

"Basi twende sote," nikasema. "Ni hatua mia moja. Na nje kuna mvua, nimeiomba."

Wakaenda. Wanaume wazima wakiwa na sketi zao za heshima, vazi la wanaume wetu, kwenye tope. Niliwapa kila mmoja kitambaa cha manjano. Nikamwambia mzee yule yule akinge matone kutoka kwenye jani la mgomba. Manjano ikabaki njano. Nikamwambia akinge kutoka kwenye ukingo wa zege. Alikinga, akasubiri, kitambaa kikaanza kuiva pembeni, kikawa chekundu mpaka katikati. Akakinusa. Akamwonyesha mwenzake. Wakaanza kukinga wote kama watoto, na mke wa mchungaji akasema kwa sauti, "Si kama sabuni ya kufulia?" na wanawake wote wakasema ndiyo, na wanaume wakatutazama kana kwamba tulikuwa tumewaficha siri ya taifa.

Mzee Ganpat akasogea na mwavuli wake. Akasema, taratibu, "Pitisheni kidole chini ya ukingo. Pangekuwa na mfereji." Alisema mbele ya kamati nzima. Yeye aliyeniambia kwamba kanisa ni kubwa.

Mchungaji alipitisha kidole. Akamwita Apenisa. Apenisa alisema mbao za kuumbia zege zilichelewa, mkuu wa kanisa alikuwa anakuja, kamati ilimsukuma, akaacha kingo bila mfereji, akadhani haitadhuru. Alipoona ukungu alijua. "Mtu akataja dawa ya siri," akasema, "nami nikaona mlango wa kutokea." Alikuwa analia, au ni mvua.

Hapo ningeweza kurudi nyumbani nimeshinda. Tara alikuwa amenishika mkono, anacheka.

Nikasema, "Bado. Vioo hivi vilikuwa vimefunikwa nailoni. Binti yangu alifanya kazi yake mpaka mwisho. Aliyezibandua ni mimi, Jumapili ile, niwaonyeshe ninyi watu mtoto niliyemzaa. Na dawa ya siri ni maneno yangu, haipo. Kosa ni la ukingo na ni langu. Gawaneni mnavyotaka, lakini yeye hana hata robo. Na kumwonea fahari sitaacha, msinitazame hivyo."

Tara aliuachia mkono wangu.

25 Desemba

Krismasi. Nguruwe alikuwa mzuri. Tara alikula kwa shangazi yake.

29 Desemba

Hasemi nami. Anasema na baba yake, na nguruwe, na jirani. Nimemwachia. Nilimfundisha mwenyewe kutorudi nyuma.

3 Januari

Tangazo la kimbunga, halafu kikageuka kwenda kusini. Savenaca alipigilia mbao madirishani. Usiku uleule akaniambia, "Ulifanya vizuri kukalia sanduku." Siku ishirini na moja amelifikiria.

5 Januari

Tara amesema nami. Alisema, "Mama, vioo vipya vimefika. Utanibebea." Nilimbebea siku nzima, mgongo unaniuma, na kila kilichowekwa alikifunika nailoni hapohapo. Kila nikifungua mdomo kuwaeleza wapita njia mimi ni nani, alisema, "Mama, kazi." Anatoa amri kama jenerali. Alipata wapi tabia hii, sijui.

10 Januari

Leo Apenisa alikuja nyumbani na wazee wa upande wake, wamevaa vizuri, na jino la nyangumi. Taniela alikaa nafasi ya kupokea. Maneno yalisemwa yote, na Apenisa alitaja kosa lake kwa jina, hakulifunika.

Taniela hakunyoosha mikono. Tangu siku ya mvua amekuwa mtu wa kimya, na nilidhani ana hasira nami. Akasema, "Zamani ningepokea mimi, tukanywa, tukasahau. Lakini aliyekosewa ni huyu msichana. Atajibu yeye."

Msichana hajibu jino hapa kwetu. Wazee wa upande wa pili walitazamana. Tara alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, akatoka akijifuta mikono. Akaketi mbali kidogo, macho chini, kwa adabu zote.

"Mjomba Apenisa," akasema, "kingo zimeshachongwa mfereji?"

"Bado, mwanangu. Tunasubiri mashine ya kukatia."

"Basi rudi nalo. Ukishachonga zote kumi na nane, subiri mvua kubwa. Nitasimama chini niangalie. Maji yakianguka mbali na kioo, utaleta."

Mzee mmoja akasema radhi haiwekewi masharti. Tara akasema, "Nami sijaikataa. Nimeiwekea siku."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maneno mengi na mazuri. Nikayameza, na ni kazi ngumu kuliko kukalia sanduku.

Walirudi nalo.

19 Januari

Kelele za mashine ya kukatia zege tangu asubuhi. Apenisa anachonga mwenyewe, haachi fundi mwingine ashike. Vumbi limemfanya mweupe kama marehemu. Nilipeleka chakula, sikumtania, hakunitania.

30 Januari

Orodha ya hospitali imetoka. Taraivini ni wa pili. Namjua aliyeiandika, hajui kuhesabu.

6 Februari

Jua. Jua mwezi wa pili, Suva. Apenisa anaangalia mbingu kama mkulima.

11 Februari

Mvua ilianza saa nne asubuhi, ile ya kutoona upande wa pili wa barabara. Saa nne na nusu Taniela alikuwa mlangoni kwangu na mwavuli. Tulikwenda sote.

Tara alikuwa ameshafika na kubandua nailoni. Amesimama mbele ya jengo, kichwa wazi, akitazama juu. Apenisa alisimama hatua kumi nyuma yake na wazee wake wawili, ameshikilia jino chini ya koti. Maji yalikuwa yanateremka juu ya zege, yanafika kwenye ncha ya ukingo, yanaingia chini yake, na hapo yanakatika. Yanaanguka wima, pazia moja refu, mkono mzima mbali na vioo. Nyuma ya pazia vioo vilikuwa vikavu, vyeusi, vina mawingu ndani.

Alitembea ukingo kwa ukingo mpaka wa kumi na nane. Hakukimbilia. Kwenye ule wa tano alisimama sana, akaingiza mkono kati ya maji na kioo, akautoa mkavu, akaendelea.

Akarudi. Akaketi chini pale pale, kwenye tope, kama inavyopasa mtu anayepokea. Taniela akaketi kando yake. Nikaketi mimi. Apenisa akaja kwa magoti.

Tara alipokea kwa mikono miwili. Akapiga makofi ya heshima, yale mazito ya viganja vilivyokunjwa, matatu.

Halafu akamwambia Apenisa, "Mjomba, futa uso. Umelowa."

Apenisa alinitazama, uso wake mzima unatiririka maji. Akasema, "Binamu, huyu mtoto mkali hivi ulimwokota wapi?"

Nikamwambia, "Huyu hakuokotwa. Huyu nilimzaa mwenyewe, na ilichukua siku mbili."